Mtumiaji Mmoja wa Kengele

Mtu akikwambia anagawa vitu bure, mtazame kwanza usoni. Wako wanaotoa kwa kuwa wana moyo, na wako wanaotoa ili waonekane wakitoa. Huyu wetu, ambaye nyumbani walimwita Profesa ingawa hajawahi kufundisha hata kuku kuingia bandani, alikuwa wa kundi la pili na akajihesabu wa kundi la kwanza. Namjua vizuri, vizuri kuliko ninavyopenda, na tafadhali msiniulize nimemjuaje.

Kazi ya kulisha tumbo aliifanya kwenye ofisi ya bima, ghorofa ya tatu, meza iliyo chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo. Alitunga programu za kompyuta: fomu za madai, orodha za wateja, vitu ambavyo vikifanya kazi hakuna anayekusifu, na vikigoma hata mlinzi wa getini anakujua jina. Lakini moyo wake haukuwa pale. Moyo wake ulikuwa kwenye tovuti yake.

Huko aliweka makala alizoandika, orodha za vitabu na mafunzo, na programu zake mwenyewe zilizo huria, yaani yeyote duniani aje achukue, atumie, azifungue aone zilivyoundwa ndani, abadilishe apendavyo, asimwombe mtu ruhusa. Juu kabisa ya ukurasa wa mbele aliandika: "Karibu, chota upendavyo, kisima hakikauki." Na kweli hakikukauka, maana hakuna aliyekuja na ndoo.

Wasomaji walikuwa wanne kwa siku. Alijua kwa sababu aliweka kidude cha kuwahesabu, na kidude hicho alikitazama kila baada ya nusu saa kama mtu anayechungulia sufuria ya maharage. Msomaji wa kwanza alikuwa yeye, akiingia kwa simu. Wa pili alikuwa yeye tena, akiingia kwa kompyuta ya kazini. Wa tatu ilikuwa mashine moja isiyo na macho, inayozunguka mtandaoni ikikagua kurasa za watu. Wa nne hakujulikana. Huyo wa nne Profesa alimpenda kuliko jamaa zake wengi. Alimpa umbo kichwani: mtaalamu mkubwa, miwani myembamba, anayesoma kimyakimya na kutikisa kichwa akisema kumbe kuna watu wana akili huku!

Makala yake aliyojivunia kuliko zote iliitwa "Programu Isiyovunjika". Ukurasa wake ulivunjika wiki mbili nzima, ukifunguliwa unaonyesha weupe mtupu, na hakuna aliyelalamika. Ya pili kwa kujivuniwa iliitwa "Uzuri ni Kupunguza". Hiyo ikumbukeni, tutairudia, na haitatuchekesha sana.

"Mume wangu," mkewe alimuuliza siku moja, "yote haya unamwandikia nani?" Mkewe alikuwa fundi cherehani, na alifanyia kazi sebuleni, karibu na dirisha, pini mdomoni.

"Dunia."

"Dunia imekwambia inasubiri?"

Profesa akanyamaza. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini mbele ya mkewe lilijifunza.

Sasa, Kengele. Miaka mitatu nyuma daktari alimwambia mama yake Profesa kwamba ana presha, na kwamba vidonge atakunywa kila asubuhi maisha yake yote. Mama huyo alikuwa mwalimu mstaafu wa darasa la pili, mjane, akiishi peke yake mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka kwa mwanawe. Mtoto mwingine yeyote angempigia simu asubuhi, mama umekunywa dawa, basi, imekwisha. Profesa hakuwa mtoto mwingine yeyote. Alijifungia Jumamosi mbili na Jumapili mbili akaunda programu ya kumpigia mama yake hodi kwa niaba yake. Kila siku saa moja kamili asubuhi kompyuta kuukuu iliyokuwa chini ya meza ya kukatia vitambaa ilituma meseji: "Habari za asubuhi. Usisahau dawa. Mwanao." Na mama, mstaarabu, alijibu: "Nimekunywa, mwanangu."

Akaiita Kengele. Akaiweka kwenye tovuti na maelekezo hatua kwa hatua, ili watoto wote duniani walio mbali na wazazi wao waichukue bure. Alipomaliza alijisikia ameufanyia ulimwengu jambo. Siku hiyo alikula sahani mbili.

Mwaka jana akaifungua Kengele ndani, akaona imeundwa vibaya. Akaamua kuandika toleo la pili, safi, la kupigiwa mfano. Ile kompyuta akaizima, kwa wiki moja tu, na mkewe akafurahi kupata mahali pa kuweka marobota yake. Kwa wiki hiyo moja Profesa angempigia mama simu mwenyewe. Wiki ya kwanza alipiga mara tatu. Ya pili, mara moja. Wiki ya tatu toleo la pili lilikwama kwenye swali la kitufe kiwe na rangi gani, na mwenye Kengele akawa amezama humo, ndugu zangu, kwa miezi tisa.

Ajabu ni kwamba mama hakulalamika. Kinyume chake! Kila alipomtembelea Jumapili, mama alimwekea chai na kusema, "Ahsante mwanangu kwa kunikumbuka kila siku." Profesa akahisi masikio yanawaka. Huyu mwanamke alikuwa amefundisha watoto miaka thelathini na minane. Alijua kumsifu mtoto mpaka mtoto atazame vidole vyake vya miguu. Ni kijembe hiki, akajiambia, ananisema. Basi alijibu, "Usijali, mama," akahamishia maneno kwenye paa linalovuja. Na kwa kuwa kijembe kila Jumapili kinachosha, Jumapili zikapungua, ikawa anakwenda mara moja kwa mwezi, akiwa na haraka.

Barua pepe ilikuja Jumanne, saa nne asubuhi, ndoo ya kiyoyozi ikiwa imejaa nusu. Ilianza hivi: "Habari. Mimi ni mpima ardhi, na nimekuwa nikitumia programu yako ya Kengele kwa miezi minane na nusu."

Jamani! Profesa aliinuka kwenye kiti. Akaketi. Akainuka tena. Miaka yote hiyo hakuwahi kupata barua ya mtumiaji hata mmoja, sasa huyu hapa, mtu mwenye taaluma yake, na miezi minane na nusu! Akaipiga picha mistari ile miwili, akamtumia mkewe na neno moja: "MTUMIAJI!" Akamgeukia jirani yake wa meza, dada anayeshughulikia madai ya magari, akamwambia kwa sauti ya mtu asiyejali, "Unajua, kuna watu huko nje wanatumia kazi zangu."

"Hongera," dada wa madai akasema, macho kwenye skrini yake.

Mkewe akajibu kwa simu: "Hongera baba. Anasemaje?"

Hapo ndipo Profesa akagundua kwamba hajasoma barua yenyewe. Akaendelea.

"Kazi yangu inanipeleka mbali," mpima ardhi aliandika, "na baba yangu, dereva wa treni mstaafu, anaishi peke yake. Ana presha. Nilifuata maelekezo yako moja baada ya jingine, nikaweka namba ya baba, na tangu siku hiyo kila asubuhi nimepata jibu: Nimekunywa, mwanangu. Ijumaa iliyopita baba alianguka bafuni. Daktari akaniuliza kama anakunywa dawa. Nikamwambia kila siku, ushahidi ninao, nikamwonyesha majibu yote kwenye simu yangu. Jana baba ameweza kuzungumza vizuri. Anasema hajawahi kupata meseji hata moja. Wiki ya kwanza alisubiri, akaona kimya, akasema mtoto ana kazi nyingi, nisimsumbue. Vidonge aliviacha mwezi wa pili, maana alijisikia mzima. Mimi nikimuuliza kwa simu anasema anakunywa, na sikumbishia, kwa kuwa majibu nilikuwa nayo. Mkono wake wa kushoto bado mzito. Sijakuandikia kukulaumu. Nataka kujua jambo moja tu. Nani alikuwa akinijibu?"

Profesa alilisoma swali lile la mwisho mara tatu, na mara ya tatu alikuwa ameshajua jibu, kwa kuwa maneno "Nimekunywa, mwanangu" aliyajua yanakotoka.

"Vipi, Profesa?" dada wa madai akauliza. "Mbona umekauka?"

Profesa aliifungua Kengele ndani, akateremka mstari kwa mstari mpaka mstari wa mia mbili na kumi na nne. Ulikuwa pale, umekaa raha mustarehe. Siku moja wakati wa majaribio alikuwa amechoka kujaza namba kila mara, akaiandika namba ya mama yake ndani kabisa ya programu, kwamba meseji zote ziende huko, namba yoyote nyingine itakayojazwa ipuuzwe. Pembeni yake alijiachia ujumbe mwenyewe: "Ya majaribio tu. Nitaitoa kesho."

Kesho hiyo ilikuwa na karibu miaka mitatu haijafika. Kwake mwenyewe isingeonekana kamwe, kwa kuwa mtu aliyetaka kumtumia alikuwa ni mama huyohuyo. Na mpima ardhi angeweza kushtuka siku ya kwanza tu, kama jibu lingekuja na namba ya aliyelituma. Lakini namba hiyo Profesa aliiondoa kwenye skrini kwa sababu iliuchafua ukurasa. Aliandika na makala juu ya jambo hilo. "Uzuri ni Kupunguza".

Sasa nitasema alichofanya baadaye, ingawa ningependa kukiruka. Aliandika jibu: "Ahsante kwa kutumia Kengele. Tafadhali hakikisha kwamba namba imejazwa kwa usahihi kwenye mipangilio." Maneno mazuri, ya adabu, ya kumtupia mtu msalaba wako huku ukimtakia siku njema. Akayafuta. Kisha akakumbuka kwamba chini kabisa ya ukurasa wa Kengele kuna sentensi waliyonayo watunga programu wote wa bure, naye aliinakili bila kuifikiria: programu hii inatolewa kama ilivyo, bila dhamana yoyote. Sheria ilikuwa upande wake! Akaona jinsi sheria inavyoweza kuwa upande wako na bado ukatamani kuingia chini ya meza.

Mwishowe aliandika ukweli. "Aliyekuwa akikujibu ni mama yangu. Nilisahau namba yake ndani ya programu. Wewe hukukosea popote. Kosa ni langu peke yangu, na naona aibu kiasi cha kushindwa kuandika zaidi. Pole sana wewe, na pole sana mzee."

Jibu halikuchukua dakika kumi. "Kumbe," mpima ardhi aliandika. "Nilipaswa kujua. Baba yangu hana maneno, ukimwambia umefika salama anakwambia sawa. Halafu miezi hii nikaanza kupata: Nimekunywa, mwanangu, vaa kitu kizito, naona mawingu. Nimekunywa, mwanangu, kula kabla hujaondoka. Nikasema uzee umemlainisha baba. Siku moja niliisoma nikiwa porini na vyombo vyangu, nikakaa juu ya jiwe nikalia kwa furaha. Mwambie mama yako ahsante. Mwambie pia asijibu tena, nimeshaizima."

Profesa aliomba ruhusa, akasema anaumwa tumbo. Nyumbani alimkuta mkewe anapinda gauni la mtu. Akamsimulia yote amesimama mlangoni, viatu miguuni. Mkewe akatoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kimto, jambo ambalo hulifanya akitaka kusema kwa uangalifu.

"Hiyo kesho yako," akasema, "ni ndugu wa kesho ya fundi nguo. Na mimi ndiye fundi nguo, ninaijua."

"Nimekwisha."

"Hujaisha. Mzee amepona?"

"Anaendelea. Mkono mzito." Profesa akakaa. Akavuta kompyuta. "Nadhani niandike makala. Kwa uwazi kabisa. 'Nilichojifunza Kutokana na Mstari Mmoja.' Watu wengine wasije wakarudia..."

Mkewe akamtazama. Akamtazama tena.

"Mama yako," akasema taratibu, "yuko dakika ishirini kwa miguu. Hajui kwamba miezi tisa hukumtumia kitu. Kesho saa moja meseji haitakuja, ataikosa, atadhani umekufa. Na wewe unataka kumwambia dunia?"

"Ataumia."

"Ataumia. Nenda. Na usimpelekee kile kiprofesa chako, mpelekee mwanawe."

Njiani alipanga maneno mara saba na mara saba yakapanguka yenyewe. Mama alikuwa barazani kwake, miwani puani, gazeti magotini, kalamu nyekundu mkononi. Alikuwa na tabia ya kusahihisha gazeti; akimaliza ukurasa anaupa alama. Ule wa siku hiyo ulikuwa na kumi na moja juu ya ishirini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo ni Jumanne," akasema mama. "Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi kaa."

Hakukaa. Alibaki amesimama mbele yake kama mwanafunzi aliyechelewa namba asubuhi, akamwaga mtama wote: kompyuta aliyoizima, simu alizoahidi asipige, mstari, mpima ardhi, dereva wa treni bafuni. Mama hakumkatiza. Aliweka kifuniko kwenye kalamu nyekundu, akaisikia ikilia tik, akaiweka juu ya gazeti.

"Kwa hiyo ile namba mpya haikuwa yako."

"Hapana, mama."

"Wiki mbili meseji zilinyamaza. Nikasema amechoka, ana familia. Halafu meseji zikarudi kwa namba nyingine, nikafurahi, nikaiandika kwenye simu Mwanangu Namba ya Pili. Nikiipiga haipokelewi. Nikasema yuko kazini."

Lilikuwepo bado neno moja, baya kuliko yote, na Profesa akaona bora litoke. "Uliponishukuru, nilidhani unanipiga kijembe. Ndiyo maana nikapunguza kuja."

Mama akacheka. Alicheka kweli, bega likitikisika, mpaka Profesa akaanza kutabasamu naye kwa kujipendekeza. Kisha mama akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaifuta muda mrefu kuliko miwani yoyote inavyohitaji.

"Inaniuma," akasema. "Sikufichi. Inaniuma sana."

"Najua, mama. Nisamehe. Kwa dawa nilidhani..."

"Dawa!" Mama akairudisha miwani. "Vidonge vyangu vipo karibu na mswaki wangu. Nimevinywa kila siku, ziwepo meseji zako zisiwepo. Mimi ni mtu mzima, nimekumbuka majina ya watoto sitini kwa mwaka, nitasahau kidonge kimoja? Nilikuwa nakujibu ili ujue nipo. Na ili nijue upo."

Hapo Profesa akakaa, kwenye sakafu, maana kiti kilikuwa mbali. Miaka mitatu alijisifu mtandaoni kwamba Kengele inaokoa maisha. Mgonjwa wake wa kwanza hakuwa na haja nayo, na wa pili haikumfikia. Hesabu nyingine ikamjia, nayo hakuitaka: meseji ya kila aliyeitumia Kengele ilimwendea mama, na mama alikuwa akipata moja tu kwa siku, sivyo? Basi duniani kote mtumiaji wa Kengele alikuwa mmoja. Hata takwimu hiyo ilitoka kwa mama.

"Huyo mzee wa treni," mama akauliza, "ana nani hospitalini?"

"Binti yake. Lakini Alhamisi anarudi kazini, na mzee anarudi kwake."

"Peke yake."

"Peke yake."

"Niletee namba yake."

"Mama, hatumjui..."

"Wewe humjui. Mimi nimekunywa dawa kwa jina lake miezi minane na nusu. Lete namba, na safari hii iandike kwenye karatasi."

Profesa akamwandikia mpima ardhi, mpima ardhi akashangaa, akatuma namba. Mama akaipiga palepale, simu mbali kidogo na sikio, sauti ileile iliyokuwa ikifika dawati la nyuma kabisa.

"Hujambo, mzee. Hunifahamu. Mimi ndiye niliyekuwa nikijibu meseji zako za dawa." Sauti nzito, ya kukwaruza, ikasema jambo ambalo Profesa hakulisikia. "Ndiyo, huyo mtunga programu ni wangu," mama akajibu. "Nami nimemwambia hayohayo." Sauti ikakwaruza tena. "Hapana, mzee, wewe ndiye wa kusikiliza. Treni ulikuwa ukiiondoa saa unayojisikia, au saa iliyopangwa?" Sauti ikajibu kwa kifupi. "Basi. Saa moja kamili nitakupigia. Si mashine, ni mimi. Ipokee."

Usiku huohuo, kabla ya chakula, Profesa aliishusha Kengele kwenye tovuti. Mahali pake aliandika sentensi mbili: "Usitumie programu hii. Mpigie mwenyewe." Kidude cha kuhesabu kikaonyesha wasomaji kumi na mmoja kwa siku hiyo, na hakuna siku nyingine iliyowahi kufika hapo. Alikitazama kitambo, kisha akakiondoa nacho, kwa mkono wake, bila kuandika makala yoyote.

Asubuhi aliamka mapema, akanawa uso, akavaa shati kana kwamba simu ina macho. Saa moja kamili akapiga.

"Namba unayopiga inatumika kwa sasa," ikamwambia sauti ya mwanamke asiyemjua.

Akapiga tena. Inatumika. Mkewe alikuwa ameshakaa kwenye cherehani, pini mdomoni, mabega yakimtikisika kwa kicheko anachokizuia. Saa moja na dakika tano, inatumika. Saa moja na dakika nane, inatumika. Mtu mzima mwenye tovuti alisimama katikati ya sebule akisubiri zamu ya kuzungumza na mama yake mzazi.

Saa moja na dakika kumi na moja simu ikapokelewa.

"Nani?"

"Mimi, mama."

"Mimi nani?"

"Mwanao."

"Yupi? Siku hizi ninao wawili, na yule wa pili ameshanipigia tangu saa kumi na mbili na nusu, kabla sijampigia baba yake."

Mkewe akashindwa, pini zikamwagika mapajani. Profesa akageukia dirishani ili asimwone.

"Yule wa kwanza," akasema. "Yule aliyechelewa."

Nyuma ya mama kulisikika kijiko kikigonga kikombe.

"Mzee amebisha," akasema, "lakini amekunywa. Nimemsikia akimeza."

"Na wewe je, mama? Umekunywa?"

"Nimekunywa, mwanangu," mama akasema.

Maneno hayo Profesa alikuwa ameyasoma kwenye skrini asubuhi nyingi zisizohesabika. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia.